Swali Moja kwa Mtoto

Mwaka 2024, ndani ya mwezi mmoja, familia yetu ilipata watoto wawili wa kike. Wa dada yangu alizaliwa Louisville, jimbo la Kentucky, kule Marekani. Wa kwangu alizaliwa hapa Nakivale, usiku wa mvua. Ukiweka picha zao pamoja utasema ni mapacha: paji la uso la mama yetu, masikio ya mama yetu, hata ule mdomo wa kununa.

Miezi michache baadaye dada alinitumia picha ya pasipoti ya mwanawe. Kitabu cha buluu, na ndani yake sura ya mtoto anayesinzia. Wiki hiyohiyo mimi nilikuwa nimepanga foleni ili mwanangu aongezwe kwenye karatasi ya familia. Akaongezwa. Jina, tarehe ya kuzaliwa, na kwenye uraia: Kongo. Nchi ambayo hajaiona hata kwa mbali. Mama yangu, tunayeishi naye, alizitazama picha zote mbili kwenye simu akasema, "Wajukuu zangu hawa, mmoja Mmarekani, mwingine mkimbizi. Na wote wawili kazi yao ni kunyonya tu."

Tulicheka. Lakini usiku neno lile lilinirudia. Wote wawili kazi yao ni kunyonya tu. Sasa huyu amefanya nini cha kustahili, na huyu amekosa nini?

Januari 2025 dada akanipigia simu usiku wa manane. Rais mpya wa kwao, siku ileile aliyoapishwa, tarehe 20, alikuwa ametia saini amri kwamba baadhi ya watoto watakaozaliwa Marekani wasihesabiwe tena kuwa raia, wale ambao wazazi wao wako pale bila kibali au kwa kibali cha muda tu. Dada na mumewe wana ukaazi wa kudumu, na amri yenyewe ilihusu watakaozaliwa siku 30 baadaye. Kwa hiyo mtoto wao hakuguswa. Lakini hofu haisomi vifungu. "Kaka," aliniuliza, "kumbe uraia wa mtoto unaweza kufutwa kwa kalamu?"

Sikuwa na jibu. Huko Uvira nilikuwa mwalimu wa historia, lakini kuhusu Marekani tulifundisha Lincoln na watumwa, kengele ikalia. Basi nikaanza kusoma, usiku kwa usiku, kwenye simu. Naandika hapa nilichokikuta, kwa sababu naona swali la dada si la Wamarekani peke yao. Ni letu pia: mtoto anapozaliwa, aulizwe nini?

Niliyoyakuta yanaanza na mtumwa mmoja aliyekwenda mahakamani. Aliitwa Dred Scott. Bwana wake alikuwa amemchukua akaishi naye miaka kadhaa Illinois na katika eneo la Wisconsin, mahali ambapo utumwa ulikuwa umepigwa marufuku. Mwaka 1846, mjini St. Louis, yeye na mkewe Harriet walifungua madai: tumekaa kwenye ardhi ya uhuru, basi sisi ni watu huru. Kesi ikaenda miaka 11. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu, majaji 7 kwa 2. Jaji Mkuu Roger Taney hakuishia kusema kwamba Scott bado ni mtumwa. Alisema mtu mweusi ambaye wazee wake waliletwa kama watumwa, hata akiwa huru, hata akizaliwa palepale, hawezi kuwa raia wa Marekani. Kwa hiyo hana hata haki ya kufungua kesi katika mahakama ya taifa.

Tazama jinsi Taney alivyouliza. Hakuuliza, "Ulizaliwa wapi?" Aliuliza, "Babu yako aliingiaje hapa?" Sisi tuna methali ya fikra hiyo: mtoto wa nyoka ni nyoka. Jaji mmoja aliyepinga, Benjamin Curtis, alimkumbusha kwamba nchi ile ilipokuwa inaanza, watu weusi walio huru walikuwa wakipiga kura katika majimbo kadhaa. Yaani walishiriki kuijenga nyumba, halafu wajukuu wao wanaambiwa ni wageni ndani yake. Ukweli huo haukubadili hukumu.

Ikaja vita. Watu zaidi ya laki sita wakafa. Utumwa ukakomeshwa, lakini swali la Taney likabaki limesimama: hawa milioni kadhaa walioachiwa huru, ni nani? Mwaka 1866 Bunge lao likatunga sheria ya haki za raia ikisema waliozaliwa pale ni raia. Rais Andrew Johnson akaikataa. Bunge likaipitisha juu ya kichwa chake. Lakini wabunge waliona mbali. Sheria ya kawaida, bunge la kesho laweza kuifuta. Wakaamua kuliweka jambo hilo kwenye Katiba, mahali ambapo mkono wa mtu mmoja haufiki. Ndiyo Marekebisho ya 14, yaliyokamilika Julai 1868. Sentensi yake ya kwanza, kwa maneno yangu, inasema hivi: kila aliyezaliwa Marekani, au aliyepewa uraia huko, naye yuko chini ya mamlaka ya nchi hiyo, ni raia wa Marekani na wa jimbo anamoishi.

Nilidhani walikuwa wanawafikiria watu weusi tu. Wengi hudhani hivyo. Lakini mjadala wa Seneti wa mwaka 1866 unaonyesha vingine. Seneta Edgar Cowan wa Pennsylvania alisimama akauliza: je, hata mtoto wa Mchina kule California? Hata mtoto wa wale Wajipsi wanaotangatanga? Aliogopa kwamba watu wa aina nyingine watafurika mpaka wenyeji wapoteze nchi. Ukisikia hoja zake leo utadhani zimesemwa jana redioni. Aliyemjibu ni John Conness, seneta wa California, ambaye mwenyewe alizaliwa Ireland na kuhamia Marekani. Alisema ndiyo, hata watoto wa Wachina waliozaliwa pale wawe raia. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba wageni walisahauliwa, au kwamba walipita kwa dirishani. Waliulizwa kwa sauti mchana kweupe, na maneno ya sheria yakapitishwa yalivyo.

Mtihani ukaja miaka 30 baadaye, na mtahiniwa alikuwa mpishi. Wong Kim Ark alizaliwa San Francisco mwaka 1873, wazazi wake wakiwa Wachina. Mwaka 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie, na sheria hiyohiyo ikasema Mchina hawezi kupewa uraia. Wazazi wake wakarudi China. Yeye akabaki akipika. Mwaka 1894 alikwenda China kutembelea; aliporudi, bandarini wakamwambia: wewe si raia, huingii. Wakamshikilia miezi kadhaa ndani ya meli, zimetia nanga mbele ya mji aliozaliwa. Hebu fikiria hilo. Kuona kwenu kutoka majini, taa za mtaa wako zinawaka, na kuambiwa si kwenu.

Serikali ilidai kwamba kwa kuwa wazazi walikuwa raia wa mfalme wa China, na mtoto ni wa mfalme wa China. Mtoto wa nyoka, tena. Tarehe 28 Machi 1898 Mahakama ya Juu, kwa majaji 6 dhidi ya 2, ilikataa. Jaji Horace Gray alirudi nyuma hadi sheria ya zamani ya Uingereza, hadi kesi ya mwaka 1608 ya mtoto wa Uskoti aitwaye Calvin, ambapo majaji walisema anayezaliwa chini ya ulinzi wa mfalme ni wa mfalme huyo. Waliobaki nje ni wachache tu: watoto wa mabalozi, watoto wa jeshi la adui lililoteka ardhi, na watoto wa makabila ya wenyeji asilia, ambayo nitayarudia. Wong Kim Ark alikuwa raia tangu pumzi yake ya kwanza.

Nikitafakari hukumu ile, kinachonigusa zaidi ni kile ambacho haikutoa. Haikuwapa wazazi chochote. Baba na mama walibaki wageni, na sheria ikaendelea kuwakatalia. Ilichofanya ni kukata kamba moja tu, ile inayomfunga mtoto kwenye karatasi ya mzazi. Ilisema: mambo ya wazazi tutayazungumza na wazazi. Mtoto ana swali lake moja, na jibu lake ni mahali.

Nilipomsimulia haya mzee mmoja jirani yangu hapa, mtu ninayemheshimu, alitikisa kichwa. "Mwalimu," alisema, "huwezi kuzalia kwenye nyumba ya mtu halafu ukadai nyumba." Akaongeza methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Hoja ya mzee si ya kudharau. Mwenye nyumba ana hofu yake, na mara nyingi ni ya haki. Uganda imetupa kiwanja cha kulima, ruhusa ya kufanya kazi na kutembea. Kuna nchi tajiri zaidi ambazo hazijafanya hivyo. Sitaki kumla mtu mkono ulionilisha. Hata huko Ulaya wapo walioogopa kama mzee: Waingereza, ambao sheria hii ilitoka kwao, waliiacha kuanzia mwaka 1983, na Ireland ikaifuata kwa kura ya wananchi mwaka 2004. Sheria hii imebaki na nguvu hasa kwenye bara la Amerika, kuanzia Kanada hadi Argentina.

Lakini nilimjibu hivi. Mzee, methali inasema mgeni apewe jembe, nami nimelishika. Nimelima. Ila mwanangu si mgeni wa siku ya tatu. Mgeni ni mtu aliyetoka mahali akaja. Yeye alitoka wapi? Hakuvuka mpaka wowote. Hakubisha hodi. Kama ni mgeni, basi ni mgeni aliyekuta yuko ndani. Na hakudai nyumba, hajui hata kusema "nyumba."

Mzee akacheka, akaniuliza swali gumu zaidi: "Na kuzaliwa Kentucky, hiyo si bahati tu? Mwana wa dada yako amelipia nini?"

Hapo nilikaa kimya, kwa sababu ndilo swali la mama yangu. Ni kweli, kuzaliwa mahali ni bahati. Kuzaliwa na mtu fulani nako ni bahati. Hakuna mtoto aliyejaza fomu. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sheria ya ardhi ni ya haki kwa sababu inawapa wanaostahili. Haitoi kwa kustahili. Ila kuna tofauti, na nimeifikiria siku nyingi. Bahati mbaya ya ardhi huishia kwa mtu mmoja. Ukiwa mgeni, ni wewe. Mwanao anaanza upya. Bahati mbaya ya damu hurithiwa. Mimi mkimbizi, mwanangu mkimbizi, mjukuu wangu mkimbizi, wote tumekaa palepale tukichota maji ya ziwa lilelile. Sheria yoyote lazima ichore mstari mahali fulani, na kila mstari utamuumiza mtu. Naona wenye haki zaidi ni ule usiotembea kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto.

Nchi zetu nyingi zimechagua mstari ule mwingine. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inamuuliza mtoto kama mzazi wake, au babu na bibi yake, ni wa jamii zilizokuwepo ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926. Ibara yake ya 12, inayohusu waliozaliwa hapa na kuishi hapa tangu uhuru wa 1962, inamwacha nje yule ambaye mzazi wake, au hata babu au bibi yake, alikuwa mkimbizi. Na Kongo yetu je? Sheria ya mwaka 1981 ilitaka kabila lako liwe lilikuwepo tarehe 1 Agosti 1885. Mtoto mchanga anaulizwa walikokuwa wafu.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika. Uvira, miaka ya tisini, darasani kwetu kulikuwa na kijana ambaye watu walisema ni wa Rwanda. Babu yake alikuwa amezikwa kwenye milima yetu. Sheria ya mwaka 1972 ilikuwa imewapa uraia watu wengi wa asili ya Rwanda na Burundi, na ile ya 1981 ikawanyang'anya, lakini sisi watoto hatukujua sheria. Tulijua wimbo. Tulimwimbia "rudi kwenu" wakati wa mapumziko, na mimi sauti yangu ilikuwa ya juu. Alikuwa ananisaidia hesabu. Mwaka 1996, vita vilipokaribia, familia yao iliondoka usiku, na sikumwona tena. Sijui kama alifika popote. Nilisema hapo juu kwamba Taney aliuliza swali la nyoka. Mimi nililiimba, tena bure, bila hata mshahara wa jaji.

Kwa hiyo siandiki kama mtu aliyeonewa tu. Naandika kama mtu aliyewahi kusimama mlangoni na kumhesabia mwenzake babu.

Wala sitaki msomaji adhani kwamba Marekani ni pepo. Sheria yao ina makovu. Nilisema nitarudi kwa wenyeji asilia. John Elk alizaliwa katika kabila lake, akaliacha, akahamia mji wa Omaha, akataka kujiandikisha kupiga kura mwaka 1880. Akakataliwa. Mwaka 1884 Mahakama ya Juu ilisema hakuzaliwa chini ya mamlaka kamili ya Marekani, kwa hiyo si raia. Watu waliokuwepo kabla ya wote wakawa wa mwisho; ilibidi wangoje sheria ya mwaka 1924. Wong Kim Ark naye, baada ya ushindi wake wote, alikamatwa tena mwaka 1901 kule El Paso, Texas, aanze kuthibitisha upya yeye ni nani. Na mwaka 1942, wakati wa vita, serikali iliwafungia kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani. Karibu theluthi mbili walikuwa raia wa kuzaliwa. Karatasi haikuwazuia askari.

Basi karatasi ina faida gani? Nadhani hii: inabadili nani anayepaswa kujieleza. Asiye na karatasi, akikamatwa, yeye ndiye anayeomba. Mwenye nayo, akikamatwa, ni serikali inayopaswa kujibu, hata kama itajibu kwa kuchelewa miaka 40. Marekani iliomba radhi kwa wale waliofungwa mwaka 1988. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, lakini waliobaki waliombwa radhi kama raia waliokosewa, si kama wageni waliovumiliwa.

Dada alipiga tena simu. Nikamweleza nilichojifunza: majaji wa chini waliisimamisha ile amri kabla haijaanza kutumika, Juni 2025 Mahakama ya Juu ikazungumzia mamlaka ya majaji hao tu, bila kugusa swali lenyewe, na kesi zikaendelea. Nikamwambia, ulichoniuliza kama uraia wa mtoto waweza kufutwa kwa kalamu, waliotunga sentensi ile mwaka 1866 walijiuliza vilevile, ndiyo maana wakaiweka juu ya kalamu ya rais. Lakini hakuna juu isiyofikika kama watu wote wataleta ngazi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kuna mama kwenye jengo lao, ana mimba, hana kibali, na siku hizi hatoki nje. Dada humpelekea maharage.

Mama yangu alikizika kitovu cha mwanangu chini ya mgomba, nyuma ya nyumba, kama alivyofanya Uvira kwa ajili yetu. Kwa mila zetu hilo linatosha: mtu ni wa pale kilipozikwa kitovu chake. Kwa sheria halitoshi. Lakini nimefanya jambo lingine, nawaomba wenzangu wenye watoto waliozaliwa hapa mfanye hivyo pia. Nimemtafutia cheti cha kuzaliwa. Nilikwenda, nikarudishwa, nikaenda tena. Cheti hicho hakimpi uraia wa Uganda, tusidanganyane. Kinasema tu: mtoto huyu alizaliwa hapa, tarehe hii.

Wong Kim Ark alishinda kwa sababu aliweza kuonyesha alikozaliwa. Sijui kama siku itakuja ambapo mtu ataketi mbele ya binti yangu na kumuuliza swali lile moja tu. Ikija, nataka awe na jibu mkononi. Na kama kabla ya hapo mtoto mwenzake kisimani atamwimbia wimbo ule niliouimba mimi, nitamwonyesha mgomba, halafu nitamsimulia habari za yule kijana aliyekuwa ananisaidia hesabu.